DUNDU MTAWA NA MTI WENYE SHIMO

Somo la mwezi huu lahusu mdudu mmoja wa Ulaya, ambaye watu wengi wa huko huishi na kufa wasimwone hata mara moja. Si kwamba ni mdogo mno, wala si kwamba ana mbio. Sababu ni kuwa nyumba yake ni ya namna moja tu, na nyumba za namna hiyo zimebaki chache. Tutajifunza yeye ni nani, akaa wapi, hutafutwa kwa njia gani, na kwa nini akiisha kutoweka mahali ni shida arudi. Mwisho yako maswali ya kuzungumza katika madarasa.

1. Jina lake na ukoo wake

Kila msomaji amjua dundu. Yuko yule asukumaye tonge la mavi ya ng'ombe kwa miguu yake ya nyuma. Na watu wa pwani wamjua yule mwenye pembe atoboaye kilele cha mnazi. Hao wawili ni wa jamaa moja kubwa, ambayo wataalamu huiita jamaa ya skarabei. Dundu tunayemsoma leo ni wa jamaa iyo hiyo, lakini desturi zake ni nyingine: mavi hayagusi, wala mti mzima haudhuru.

Jina lake la kitaalamu ni Osmoderma eremita. Neno la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, yaani harufu na ngozi. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni mkaa pweke, kama wale watu wa zamani waliojitenga na wenzao wakaenda kukaa nyikani. Jina hilo la mkaa pweke alipewa mwaka 1763 na Giovanni Antonio Scopoli, aliyekuwa tabibu na mtaalamu wa viumbe. Waswidi humwita läderbagge, ndiyo dundu wa ngozi. Wajerumani humwita Eremit, tena Juchtenkäfer, kwa sababu harufu yake huwakumbusha ngozi iliyotengenezwa kwa namna ya Kirusi. Sisi tutamwita dundu mtawa. Maana katika Kiswahili kutawa ni kukaa ndani pasipo kutoka, na hiyo ndiyo tabia yake hasa.

Urefu wake kwa kawaida ni kama sentimita 2 na nusu hata 3 na nusu. Mwili wake ni mnene, rangi yake ni nyeusi yenye kuelekea hudhurungi, na akiwa juani hung'aa kidogo kama shaba iliyochakaa. Juu ya kifua cha dume pana mfuo, na kingo zake zimeinuka. Mfuo wa jike ni hafifu. Kwa alama hiyo wajuzi huwatenga dume na jike.

2. Nyumba yake

Nyumba anayoipenda kuliko zote ni mwaloni mzee wenye shimo. Jina la mti huu si geni kwa wasomaji wa Biblia, kwa kuwa Ibrahimu alikaa penye mialoni ya Mamre. Ila mialoni ya Ulaya ni ya aina nyingine, mikubwa sana, na huishi mamia ya miaka. Dundu mtawa hukaa pia katika miti mingine yenye majani mapana, kama mierebi, na hata katika miti ya matunda iliyozeeka. Sharti lake si aina ya mti, bali shimo lililo ndani yake.

Tufahamu kwanza jinsi shimo hilo linavyotokea. Katika shina la mti mkubwa, sehemu iliyo hai ni ile iliyo karibu na gome. Huko ndiko maji yapandako kwenda kwenye majani. Moyo wa mti ni mbao iliyokwisha kufa, iliyobaki kama nguzo. Tawi likivunjika, au gome likipasuka, ukungu wa namna ya uyoga huingia na kuila mbao ile ya moyoni polepole. Baada ya miaka mingi shina huwa kama mtungi: nje ni zima, lina majani na matunda, na ndani ni wazi. Chini ya shimo hujikusanya unga wa mti uliooza, umechanganyika na majani makavu, manyoya ya ndege na uchafu wa viota vyao. Katika mti mkubwa unga huo waweza kujaza madebe mengi.

Katika unga huo jike hutaga mayai yake. Yai likianguliwa hutoka buu jeupe, lililojikunja, lenye kichwa cha hudhurungi. Buu hula mbao iliyooza kwenye ukuta wa shimo, na hivyo hulipanua shimo mwaka kwa mwaka. Chakula hicho hakina nguvu nyingi, tena nchi ni ya baridi. Kwa hiyo buu hukua kidogo kidogo, na katika Uswidi huchukua miaka 3 au zaidi, hata kufikia urefu wa sentimita 6 hivi. Likiisha kukua, wakati wa majani kupukutika hujitengenezea kifuko kigumu kwa unga ule ule, likakaa humo majira yote ya baridi. Mwaka ufuatao, wakati wa joto, hutoka dundu kamili. Naye dundu kamili huishi majuma machache tu. Basi ukihesabu maisha yake yote, karibu yote yamepita gizani ndani ya shina.

Mwenye mti aweza kuuliza, Je, mdudu huyu hauui mti wangu? La, hauui. Buu hali mbao iliyo hai. Hula ile iliyokwisha kufa na kuozeshwa na ukungu. Mwaloni wenye shimo waweza kuendelea kusimama na kuchipua miaka mia na zaidi, na ndani yake vizazi vingi vya dundu mtawa vikafuatana.

3. Harufu yake

Siku ya joto, dume hupanda kwenye mdomo wa shimo, akakaa hapo na kutoa harufu. Harufu hiyo ni tamu, kama ya tunda bivu la pichi au la plamu, na mtu akiwa mita kadhaa mbali na mti aweza kuisikia. Mwaka 2003 wataalamu wa Uswidi walitangaza kwamba wameitambua dawa yenyewe iliyomo katika harufu hiyo. Nayo ni ile ile ipatikanayo katika matunda ya pichi. Majike huifuata, na kwa njia hiyo hulijua shimo linalokaliwa.

Lakini yuko na mwingine aifuataye. Ni mdudu mwekundu aitwaye Elater ferrugineus, ambaye mabuu yake hula mabuu ya dundu mtawa. Jike wake akisikia harufu ile huja kutaga mayai yake katika shimo lilo hilo, ili watoto wake wapate chakula. Hivyo wito wa dume wamletea mchumba, na pia wamletea adui. Naye yule adui amekuwa adimu vilevile, kwa sababu windo lake limekuwa adimu.

4. Nchi na mahali anapopatikana

Dundu mtawa hupatikana katika nchi za magharibi na za kati za Ulaya, toka kaskazini ya Hispania, kupitia Ufaransa, Italia na Ujerumani, hata kusini ya Uswidi. Katika Polandi, nchi za Baltiki na Ufini yuko ndugu yake wa mashariki, Osmoderma barnabita. Huyo hujulikana karibu na mji wa Turku katika Ufini. Katika Uingereza hayuko.

Uswidi ni mojawapo ya nchi alikobaki kwa wingi kuliko kwingine, hasa jimbo la Östergötland. Huko, kusini ya mji wa Linköping, yako mashamba ya Bjärka-Säby yenye mialoni mingi ya kale, na habari nyingi tulizo nazo juu ya dundu huyu zilipatikana hapo.

Kwa nini alibaki katika mashamba ya namna hiyo? Sababu yake ni ya historia. Mwaka 1558 mfalme Gustav Vasa aliamuru kwamba mialoni ya nchi ni mali ya mfalme, maana mbao yake ilitakiwa kwa kuunda merikebu za vita. Mkulima alikatazwa kuukata mwaloni hata ukiwa katikati ya shamba lake. Kwa hiyo wakulima waliuchukia mti huo, uliowatilia kivuli majani ya ng'ombe wao, nao hawakuweza kuugusa. Mwaka 1830 wakulima wenye ardhi yao walipewa ruhusa. Ndipo mashoka yakafanya kazi, na mialoni mingi mno ikaanguka. Iliyosalia ilikuwa hasa katika mashamba makubwa ya mabwana, ambao hawakuwa na haja ya kuikata. Dundu mtawa naye akasalia pale miti iliposalia.

Habari ya Norwei yawahusu zaidi washarika. Katika nchi hiyo watu walidhani ya kuwa dundu huyu ametoweka kabisa. Mwaka 2008 akaonekana tena, wala si katika msitu wa mbali, bali katika makaburi ya kale ya mji wa Tønsberg, upande wa magharibi wa ghuba ya Oslo. Miti ya makaburi hayo, ambayo Wanorwei huiita ask, ilikuwa imeachwa izeeke kwa heshima ya mahali penyewe, ikapata mashimo. Na ndani ya mashimo yale mtawa alikuwa akiendelea na maisha yake, na watu wakipita chini yake kwenda kuzika wafu wao. Mwaka 2011 serikali ya Norwei ilimwekea sheria yake maalumu ya kumlinda.

Basi mtu akiuliza, Nimtafute wapi? tusimwelekeze msitu mnene uliopandwa kwa ajili ya mbao. Maana huko miti hukatwa kabla ya kuzeeka. Tumwelekeze mashamba ya kale, bustani za majumba ya zamani, njia zilizopandwa miti kando zake, malisho yenye miti mikubwa iliyoachana, na viwanja vya makanisa na makaburi.

5. Jinsi ya kumtafuta

Wajuzi wafuata taratibu kama hii:

(a) Hutafuta kwanza mti, wala si mdudu. Mti wenyewe uwe mnene, mzee, wenye shimo, tena usimame mahali penye jua. Imeonekana katika Uswidi kwamba mialoni iliyozungukwa na vichaka na miti michanga hata ikakosa jua, haimfai sana, kwa kuwa buu hupenda shimo lenye joto.

(b) Hutazama unga ulio shimoni au ulioanguka penye shina. Humo hutafuta mavi ya mabuu, ambayo ni vipande virefu kidogo, vya urefu wa milimita 7 au 8, vyenye umbo kama punje. Hutafuta pia vipande vya maganda ya madundu waliokufa: mbawa ngumu, kichwa au mguu. Hizo ni dalili za hakika, na hupatikana hata wakati wa baridi.

(c) Katika mwezi wa Julai na Agosti, siku zenye jua kali, huenda penye miti na kunusa. Wengine hutundika mitego yenye harufu ile iliyotengenezwa na wataalamu, au hufukia kikombe katika unga wa shimo ili dundu apitaye aanguke ndani akiwa hai. Kisha humhesabu, humtia alama, na kumwachilia.

(d) Hawamchukui, wala hawachimbuechimbue unga. Buu lililotolewa nje ya shimo limepoteza nyumba yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dundu huyu analindwa kwa sheria iliyotolewa mwaka 1992, na mtu hana ruhusa kumshika au kuharibu mti wake pasipo kibali.

6. Kwa nini ni adimu

Hapa twafikia jambo kubwa la somo letu. Wadudu wengi, makao yao yakiharibika, huruka wakaenda kwingine. Dundu mtawa ana mabawa, aweza kuruka; lakini hapendi kutoka. Thomas Ranius na Jonas Hedin waliwatia alama madundu katika mialoni ya Bjärka-Säby, wakaandika mwaka 2001 kwamba katika kila 100 ni kama 15 tu watokao katika mti walimozaliwa na kwenda mti mwingine. Na wale watokao, katika nchi hiyo ya baridi, kwa kawaida hawaendi zaidi ya mita 200. Katika Ufaransa na Italia, palipo na joto, wameonekana kwenda mbali zaidi. Hata hivyo wengi hubaki nyumbani.

Tabia hiyo haikumdhuru zamani. Shimo la mwaloni hudumu miaka mingi kuliko maisha ya mwanadamu, na mti mmoja ukianguka palikuwa na mingine karibu. Lakini sasa mahali pengi imebaki miti miwili mitatu, na baina yake na mingine pana mashamba ya ngano na barabara za magari. Mti ukianguka, wakazi wake hawana pa kwenda. Kwa hiyo ukoo waweza kwisha mahali polepole, hata kama hakuna mtu aliyeinua shoka.

Tena shimo haliundwi upesi. Katika Uswidi mialoni ilipimwa umri wake, ikaonekana kwamba katika miti isiyotimiza miaka 100, haufiki hata 1 katika 100 wenye shimo. Kati ya miaka 200 na 300 ni karibu nusu. Iliyopita miaka 400 yote ina mashimo. Tufanye hesabu wenyewe: mwaloni uliochipuka mwaka 1830, wakulima walipoanza kukata, hata leo haujatimiza miaka 200. Pengo lililofanywa na mashoka ya siku zile halijazibwa bado. Mtu apandaye mbegu ya mwaloni leo kwa ajili ya dundu huyu, hataiona nyumba hiyo ikikaliwa, wala watoto wake, wala wajukuu wake.

7. Ugomvi wa Stuttgart

Jambo hili lilijulikana kwa watu wote wa Ujerumani kwa sababu ya mji wa Stuttgart. Huko palikusudiwa kujengwa stesheni mpya ya gari la moshi chini ya ardhi, na kwa ajili yake ilipasa kukata miti mikubwa ya bustani ya jumba la kifalme. Raia wengi walipinga. Tarehe 30 Septemba 2010 polisi na raia walipambana bustanini, watu wengi wakaumia, na usiku ule ule miti ya kwanza ikakatwa. Katika baadhi ya miti ya bustani hiyo alikuwamo dundu mtawa, na jina lake likawa magazetini na mahakamani. Februari 2012 miti mingine mingi ikakatwa au kuhamishwa.

Wengine walicheka wakisema, Je, mji mzima usimame kwa ajili ya mdudu mmoja? Wengine walijibu kwamba stesheni yaweza kuchorwa upya, lakini mti wa miaka 200 hauchoreki. Msomaji na apime mwenyewe. Ila ni haki kuikumbuka ile hesabu ya miaka kabla ya kutoa hukumu.

8. Yanayofanywa kumsaidia

Kazi ya kwanza ni kuiacha miti mizee isimame. Palipo na hatari ya tawi kuwaangukia watu, hukatwa tawi lile tu, na shina huachwa. Kazi ya pili ni kufyeka vichaka na miti michanga inayoizonga mialoni, au kurudisha ng'ombe wa kulisha chini yake, ili jua lifike. Kazi ya tatu ni kupanda mialoni mipya karibu na ile ya kale, ipate kurithi mahali pake.

Tena wako Waswidi waliotengeneza masanduku makubwa ya mbao, wakayajaza unga wa mwaloni, majani makavu na vitu vingine vya kuoza, wakayafunga katika miti. Wadudu wengi wa mashimo waliingia. Masanduku hayo yasaidia kupitisha miaka ya upungufu. Lakini sanduku huoza baada ya miaka michache, na mwaloni hudumu karne. Kwa hiyo wenyewe wasema ni msaada wa kungojea, si badala ya mti.

Shida nyingine imezuka kwa ile miti iitwayo ask, kama ya makaburi ya Tønsberg: ugonjwa wa ukungu umeenea Ulaya na kuiua kwa wingi. Mtu hawezi kuuzuia kwa shoka wala kwa sheria. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoweka tumaini lote katika miti michache ya mahali pamoja.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini jina la mtawa lamfaa dundu huyu?
2. Buu lake hula nini, na kwa nini mti haufi?
3. Eleza jinsi harufu moja inavyomletea dume faida na hasara.
4. Kwa nini alionekana makaburini Tønsberg, asionekane katika msitu uliopandwa kwa ajili ya mbao?
5. Mwenye shamba asema, "Mti huu una shimo, haufai tena kwa mbao, nitaukata nipande mitatu mahali pake." Mtamjibu nini kwa hesabu ya miaka mliyojifunza?
6. Je, karibu nanyi uko mti mzee wenye shimo? Nendeni mkautazame bila kuudhuru, mkaandike wakaao ndani yake: nyuki, bundi, hondohondo, au viumbe msivyovijua majina.